Kicheko cha Fundi

Binti alipovunjika mkono, baba yake alicheka. Alicheka kwa sauti mbele ya majirani, uso mkavu kama ubao.

Mkewe akamrushia kikombe. "Mtoto analia, wewe unacheka? Una roho gani?"

"Si... sicheki mimi," alijibu kwa ulimi mzito, na kicheko kikamponyoka tena.

Mwaka mzima nyumba ilikuwa haikaliki. Fundi wa kuchomelea aliyesifiwa mtaa mzima sasa alitembea kwa ncha za vidole kama jogoo. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Jambo dogo, anafoka. Aliapa hajawahi kuonja pombe. Mkewe alimnusa mdomo, shati, hata chupa ya maji. Hakupata kitu, akazidi kumchukia. Afadhali mlevi wa wazi kuliko mlevi wa siri.

Siku hiyo binti alipovunjika mkono, mke akampigia simu kaka yake, mwenye karakana, ambaye ndiye aliyempa fundi kazi. Kaka hakukawia. Aliingia na kumkaba fundi ukosi.

"Nimekupa dada, nimekupa kazi, shukrani yako ulevi? Dada yangu naondoka naye. Wewe kesho saa moja nikukute ndani ya tangi ukichomelea, utetemeke usitetemeke!"

Fundi alinyoosha mkono kumshika mkewe. Vidole vikacheza hewani. "Mama watoto, usiniache." Uso haukusogea hata ukope.

"Hata kubembeleza hujui," mkewe akasema, akamtemea mate miguuni.

Wakampakia binti kwenye gari la kaka kumpeleka hospitali. Barabara ilikuwa mbovu, kila shimo mtoto anapiga yowe. Mama akafungua kidroo cha mbele kutafuta kitambaa cha kumfungia mkono. Akakuta bahasha yenye mhuri wa daktari aliyewapima mafundi wa karakana, na ndani yake barua yenye jina la mumewe. Tarehe ilikuwa ya miezi minane nyuma.

*Moshi wa kuchomelea umemharibu ubongo. Mwendo, mikono, uso na kicheko chake si hiari yake. Aondolewe kwenye moshi leo hii, na aambiwe aje hospitali.*

Aliisoma mara mbili. "Kaka," akasema, "ulijua?"

Kaka hakuondoa macho barabarani.

"Sasa mdogo wangu, yale matangi angeyamaliza nani?"