Kioo cha Mnadani

Kila Hidaya alipopandisha dau la kioo kimoja kwenye mnada wa mtandaoni, mtu aliyejiita Kipenzi alimpita. Kipenzi ndilo jina ambalo mume wao humwitia Salha, mke mdogo. Wivu ukampanda Hidaya. Akauza bangili zake zote, akashinda.

"Kipenzi kakata tamaa, eti?" akamuuliza mwanamume aliyemletea kioo.

Yule akacheka. "Kipenzi ni bosi wangu, mama. Hupandisha mwenyewe bei ya vitu anavyouza."

Yule mwanamume alipoondoka, Salha akatoka chumbani kwake, akakisogelea kioo taratibu.

"Dada, kizuri kweli. Naweza kujitazama?"

Hidaya alijisogeza kando kidogo kumpa nafasi, na nyuso zao mbili zikaingia kiooni.