Kangaga la Kondo

Bi Sikudhani aliligandisha jani lile la kangaga, mmea usiotoa maua, kifudifudi kwenye karatasi ya sampuli, wiki ileile aliyomzika mwanawe Kondo. Walilikuta mkononi mwa mtoto, chini ya genge alikoteleza. Mama alikuwa bingwa wa kangaga, lakini machozi hayakumruhusu atazame mara mbili. Akatangaza jenasi mpya, yaani kundi jipya la kangaga: vidoa vya uzazi nyuma ya jani havina utando, tofauti na jamaa zake wote. Akaipa jina la Kondo.

"Leo tuligeuze, dada," alisema Lukindo, mwenzake kazini. "Ukionekana utando, jina linafutwa. Unajua mwenyewe."

Lukindo alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, na mlango ulikuwa huo mmoja. Bi Sikudhani akapitisha wembe chini ya gundi iliyokauka, akalibandua jani, akainamia lenzi. Pembeni kabisa, kwenye kidoa kimoja, kulisalia kiutando chembamba kama ganda la kitunguu, kimebanduka nusu.

"Unaona nini?" Lukindo aliuliza, akisogea.

Pumzi moja tu ingekipeperusha, na jina la Kondo lingebaki. Bi Sikudhani aliibana pumzi yake, kifua kikiwaka moto, na kiutando kikatikisika mbele ya midomo yake.