Namba Kumi na Tisa

Alipoandika tatu, likatoka jina la Dada. Alipoandika saba, la Kitinda. Kumi na tisa ikamtoa yeye mwenyewe, na Kaka akashusha pumzi. Akafuta skrini, akaifunika kompyuta ya mdogo wake kama alivyoikuta.

Figo za mama zilikuwa zimekwisha. Watoto wake watatu walipimwa, wote wakafaa, na kila mmoja akang'ang'ania kutoa ya kwake. Mama alilia, akakataa katakata kuchagua. Ndipo Dada, ambaye takwimu ndiyo kazi yake, alipotaka kura ipigwe kwa kompyuta.

"Tumepangwa kwa kuzaliwa: Kaka, Dada, Kitinda," aliwaeleza. "Programu inaokota nafasi tu, ya kwanza, ya pili au ya tatu. Haijui mtu. Tunaipa namba ya kuanzia, na ukiirudia namba ileile, inaokota nafasi ileile. Kwa hiyo asinune mtu hapa."

Kaka alilishika neno hilo. Dada alipokwenda hospitali kumwogesha mama, yeye alikalia kiti chake.

Jioni walikusanyika sebuleni.

"Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Taja namba yoyote."

"Mmh... kumi na tisa."

Dada alibonyeza. Likatoka jina la Dada.

Kaka alikodoa macho. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa, na jina likawa lilelile.

"Haya, acha kununa," Dada alimtania. "Wewe una watoto wadogo. Mimi nina paka, tena hanipendi."

Figo ilimkubali mama. Dada hakuamka.

Kaka alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu walimpa pole, wakamwambia ni mipango ya Mungu, naye alikuwa na lake moyoni: huenda ilikuwa kumi na nane. Huenda amempoteza mdogo wake kwa kusahau namba.

Baada ya maziko aliifungua ile kompyuta. Programu ilikuwa imetunza kila kilichoandikwa, hata alichodhani amekifuta. Tatu: Dada. Saba: Kitinda. Kumi na tisa: nafasi ya kwanza, Kaka. Hakuwa amekosea.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao hakuuandika yeye, wa mchana uleule, Dada aliporudi kutoka hospitali. Ulikuwa ni orodha yao, imepangwa upya: Dada, Kaka, Kitinda.