Alama ya Stumai

Kila asubuhi kwa miaka saba, Stumai alibonyeza kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio kabla ya kuingia kubangua korosho. Kisha ikajulikana kwamba kiwanda kiliuza alama za vidole vya wafanyakazi bila kuwauliza. Wakashtaki kwa pamoja, na mahakama ikaamuru walipwe fidia na alama zao zifutwe.

Siku ya malipo, karani wa kiwanda, Bwana Mbwilo, alimsogezea Stumai mashine ileile. Kioo chake kilinata jasho la waliotangulia.

"Weka kidole, mama, tujue ni wewe."

Akaweka. Mashine ikakataa. Katika miaka miwili ya kesi walibangua bila kubonyeza mashine, na mafuta makali ya maganda ya korosho yalikuwa yameila ngozi ya kidole hadi ikabaki laini, bila mistari.

"Si kitu," Mbwilo alisema, akaigeuza kompyuta. "Alama yako ya zamani tunayo."

Kidole cha Stumai kilikuwa pale, kikubwa kama sahani, mistari yote kamili. Alijiona kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa sebuleni kwa jirani.

"Mahakama si ilisema mzifute?"

"Tutazifuta tukimaliza kulipa. Chukua bahasha, mama, wenzako wanasubiri."

Stumai hakuigusa bahasha. Alivuta kiti, akaketi.

"Futa yangu kwanza," alisema. "Nikiona."

Mbwilo aliinua macho akitafuta mwingine wa kumwita mbele. Foleni nzima ya wanawake ilikuwa inaitazama kompyuta, na hakuna aliyesogea.