Sahani ya Kidawa

Kila nyumba siku hizi imeandikwa kwa ramani moja ya ukoo kati ya mbili, na jiko la mashine huiuliza ramani hiyo kabla ya kupakua. Ramani ya zamani humruhusu mtoto kuwa na mama wawili, aliyemzaa na aliyemlea. Ile mpya inamjua aliyemzaa tu. Hemedi alihamia mpya bila kumwambia mkewe Sikujua, eti inajibu upesi.

Mchana huo jiko likapakua wali sahani tatu: ya Hemedi, ya Sikujua na ya binti yao Tunu. Kidawa, ambaye marehemu dadake Sikujua alimwacha angali ananyonya, hakupata.

"Na Kidawa?" Sikujua alifoka.

"Watoto wa mama wa nyumba hii: mmoja," jiko lilijibu, kwa sauti laini.

"Baba Tunu, jana swali hilihili lilijibiwa wawili!"

"Si uliulize na sahani za wageni, Mama Tunu," Hemedi alisema huku akitafuna, mafuta yakimng'aa mdomoni.

Sikujua alitamani kumtemea mate. Lakini Kidawa alikwisha kusimama mbele ya jiko, mikono nyuma.

"Hodi," alisema. "Mimi ni mgeni."

"Karibu sana," jiko lilisema, likampakulia. "Unaondoka lini?"