Sifa za Mama Mkwe

Tangu sheria iagize simu wanazopigiwa wazazi zipokelewe, kwa sauti zao wenyewe, na programu iliyoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, inayojiendesha chinichini kwenye seva, kompyuta kuu ya mtaa, Mishi hakusemwa tena na mama mkwe wake. Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

“Mama, leo wali nimeuunguza,” akamchokoza simuni.

“Hongera, mwanangu! Mikono yako ina baraka.”

Mama yule yule aliyewahi kuita majirani waje kunusa sufuria!

Mishi akamgeukia mumewe, fundi wa seva. “Hebu izime, Kombo, tumsikie mwenyewe.”

Kombo akaizima. Hajashusha mkono, ikajiwasha yenyewe: “Samahani, mwanangu, tulikuwa kwenye wali.”

“Basi twende kwake,” Mishi akasema, akivaa buibui.

Kombo hakuinuka. “Tukienda tukamkuta hayupo tena duniani, Mishi,” akanong'ona, “itabidi tuizime kweli.”