Maombi kwa Watu wa Pwani

Siku Twyla alipoondoka, Maisie aling'ang'ania mlango wa gari mpaka vidole vikawa vyeupe. Alikuwa na miaka sita. Mama yake, muuguzi, alikuwa akirudi pwani kukingoja kimbunga pamoja na wagonjwa wake.

"Mama, twende wote."

"Huku kwa babu hakuna bahari, kipenzi. Mama atakuja kukuchukua."

Burl, babu yake, alimbeba mabegani mpaka gari likapotelea kwenye kona ya mlima. Mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi.

Jioni kanisa lote lilikusanyika kuwaombea watu wa pwani, na Twyla akatajwa kwa jina. Kisha, kama wafanyavyo watu wa milima ile kila kimbunga kinapotangazwa, walijaza lori: mablanketi, tochi, maji ya chupa, mifuko ya mchanga. Oleta, mke wa Burl, alitoa hata redio yake ya betri.

"Bibi, na sisi je?" Maisie aliuliza.

"Sisi tuna milima, mjukuu wangu."

Kesho yake jirani yao Verlin aligonga mlango, tope hadi magotini.

"Burl, kijito kimeingia kwenye banda lako la kuku. Mchukue mkeo na mtoto, njooni kwangu huko juu."

"We Verlin nawe! Maji ya ndoo yakimwagika unapanda juu ya meza." Burl alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye simu. "Kimbunga gani kinajua kupanda mlima? Niache nimngoje mwanangu apige. Yeye ndiye wa kuhurumiwa."

"Haya. Ukipata habari zake, niambie."

Simu haikulia. Umeme ulikatika. Oleta alimvalisha Maisie sweta mbili, wakapiga magoti wote watatu kando ya kitanda, wakamwombea Twyla kwa sauti kubwa, maana mvua iliwazidi.

Huko pwani upepo haukung'oa hata kigae kimoja. Barabara zilipofunguliwa, Twyla alipanda kumchukua mtoto. Verlin alimshika mkono, akamwonyesha mto ukipita palipokuwa na nyumba.

Twyla amerudi kazini. Anaishi pwani, peke yake.